Sisi Tuliozaliwa Januari Mosi

Jumatatu, tarehe 3 Machi

Haya, alama nyekundu imewaka kwenye simu, kwa hiyo inanisikia. Mjukuu wangu amesema nianze kwa kujitaja. Mimi ni bibi yake, mama wa mama yake. Jina langu ni la kawaida, ukiliita barabarani wanageuka wanawake wanne, basi tuliache. Shule sikwenda hata siku moja. Namba nazijua vizuri. Herufi ndizo hazinijui mimi. Nasema, simu inaandika, halafu mjukuu wangu ananyoosha palipopinda. Nimemwambia anyooshe maneno, asininyooshe mimi.

Aliyeleta yote haya ni mwalimu wao wa chuo kikuu. Mjukuu wangu anasoma shahada ya pili, ile inayofuata baada ya ile ya kupigwa picha na kofia. Humo kuna somo linaitwa Kuunganisha Huduma za Data na Programu. Ni la hiari. Nikamuuliza, yaani ulipewa ruhusa usilichukue, na wewe ukalichukua? Akacheka, cheko la mdomoni tu. Mwaka jana lilimwangusha. Kazi yake ilitembea wiki nzima hapa mezani, siku ya kuwaonyesha walimu ikazimika. Na sheria ya chuo ni kwamba ukishaliandikisha huwezi kulikimbia, na ukianguka mara ya pili shahada huipati tena. Kwa hiyo muhula huu ndio huu, hakuna mwingine.

Mwalimu amesema kila wanafunzi wawili wamtafute mtu mmoja aliyefanya kazi ya namna hiyo kabla ya kompyuta kuja, asimulie siku baada ya siku mpaka muhula uishe, naye atasoma. Wenzake wamekwenda kutafuta makarani wa benki na wakuu wa stesheni. Mjukuu wangu aligeuka tu kwenye kiti akaniona mimi nakunja mashuka.

Jumanne, tarehe 4 Machi

Goti. Sina la kusema zaidi ya goti.

Ijumaa, tarehe 7 Machi

Kazi yangu ilikuwa tarishi wa mafaili hospitalini, miaka thelathini na mmoja. Niliajiriwa kufagia. Asubuhi moja tarishi hakuja, karani wa mapokezi akaniwekea rundo la mafaili mikononi akasema peleka maabara, na kuanzia siku hiyo fagio akapewa mwingine. Toka mapokezi mpaka maabara ni hatua mia mbili na kumi na nne. Toka maabara mpaka dirisha la dawa ni tisini na moja na ngazi saba. Faili nililijua kwa namba, kwa rangi ya jalada, kwa kona iliyoliwa na panya. Daktari alikuwa anaona jina. Mimi nilikuwa naona doa la chai.

Mjukuu wangu amenieleza kazi yao, amerudia mara tatu, nami nitairudia ili nijue kama nimeielewa. Siku hizi mapokezi wana kompyuta yao, maabara yao, dirisha la dawa yao. Zilinunuliwa miaka tofauti, zikatengenezwa na watu wasiojuana, na hazisemezani. Moja inaandika tarehe kuanzia siku, nyingine inaanzia mwaka. Moja inaanza na jina lako, nyingine inaanza na la baba yako. Kila moja inampa mgonjwa namba yake yenyewe, haiitambui ya mwenzake. Kazi yao ni kuzifanya ziulizane na kujibizana zenyewe. Na sharti la mwalimu, kaliandika ubaoni siku ya kwanza, ni kwamba habari za mgonjwa zitoke mwanzo mpaka mwisho bila mkono wa mtu.

Nikamwambia, mke mwenzangu, huo mkono wa mtu ndio huu hapa unaouangalia.

Jumatano, tarehe 12 Machi

Mwalimu wao nimempa jina, Bwana Kwanini. Mjukuu wangu anasema nisiseme hivyo maana atasoma. Basi asome. Mwanafunzi akisema hiki kinapita hapa, anamuuliza kwa nini. Akijibu, kwa nini tena. Mjukuu wangu karudi leo macho mekundu, kaulizwa kwa nini saba mfululizo. Mimi nasema huyo mtu hana huruma.

Na huyo mwenzake katika kazi, binti mmoja, ndiye namwita Kimya. Anaingia hapa, shikamoo bibi, anakaa, anafungua kompyuta yake, basi. Chai anaiacha mpaka inapoa. Nilimuuliza kwao ni wapi, akaniambia mbali. Nikamuuliza ana ndugu wangapi, akasema wachache. Sijapata kuona msichana anayebana maneno hivyo. Maringo, nadhani.

Alhamisi, tarehe 13 Machi

Mvua. Nguo zote ndani, nyumba imekuwa duka la mitumba.

Alhamisi, tarehe 20 Machi

Leo nimeona kitu na bado mwili unanisisimka.

Waliniita nikae kati yao. Kompyuta ya kushoto wameigeuza mapokezi, ya kulia maabara, na simu ya Kimya ndiyo dirisha la dawa. Mgonjwa ni wa kutunga, Mzee Jaribio. Mjukuu wangu akaandika jina lake mapokezi. Akaniambia, Bibi, angalia kulia. Sikuwa nimemaliza kugeuza shingo, jina limeshafika. Na tarehe yake imejigeuza, mwaka umekwenda mbele, kama mtu anayevua viatu mlangoni kwa watu kwa sababu ndivyo wanavyotaka wenye nyumba. Nikasema rudia. Akarudia. Nikasema tena. Mara ya nne nikamwambia asiniambie, abonyeze tu kimyakimya, nione kama nitalikamata likiwa njiani. Halikamatiki.

Nikauliza linapita wapi. Kimya ndiye aliyenijibu, sikutegemea. Akasema kila programu ina kidirisha cha maulizo. Huingii ndani kwake, hugusi vitu vyake, unasimama pale nje unauliza kwa utaratibu wake, naye anakupa kile tu ulichoomba. Ukiuliza vibaya hakufungulii.

Hivyo ndivyo nilivyokuwa nasimama mimi maabara. Mle ndani nilikuwa siruhusiwi. Nagonga, nasema namba, mkono unatoka na karatasi. Hatua mia mbili na kumi na nne, mwanangu, kwa miaka thelathini na mmoja, na leo zimekwenda mtu hajafumba jicho. Nilitoka nje nikasimama barazani nikaitazama miguu yangu.

Jumatano, tarehe 26 Machi

Bwana Kwanini kasema Mzee Jaribio hatoshi. Anataka watu wa kweli walioridhia wenyewe. Hospitali imekubali kutoa nakala za kumbukumbu za kila atakayeweka dole gumba lake, nakala tu, za kujifunzia.

Nikasema hao watu waniachie mimi. Kila Jumatano niko kwenye benchi la kliniki ya presha na sukari na wenzangu. Leo nimezungumza mpaka muuguzi kaniambia nipumzike, nimeshapandisha presha ya kila mtu. Nimepata madole ishirini na matatu, pamoja na langu.

Wa mwisho kukubali alikuwa wajina wangu. Huyo tuna jina moja, la baba moja, na la babu pia, na hatuna undugu hata wa kuokota. Miaka sita tunakaa benchi moja, na kila muuguzi akiita jina tunainuka wote wawili kama wanajeshi. Yeye ana sukari, mimi nina presha. Anasema jina ni lake, mimi nililiiba. Aliniuliza, hiyo mashine itajua wewe ni wewe na mimi ni mimi? Nikamwambia ingekuwa ina macho ingejua, mimi ndiye mzuri.

Jumatatu, tarehe 31 Machi

Mvua. Umeme hakuna. Simu imebakiza kidogo, nanyamaza.

Jumanne, tarehe 15 Aprili

Siku nyingi sijasema, mafua. Ila kazi inatembea. Jana walipitisha tarehe elfu moja za kutunga, hakuna hata moja iliyopotea. Mjukuu wangu sasa anakula. Nimeanza kumzoea Kimya. Leo alinirudishia kikombe akiwa amekiosha.

Jumatatu, tarehe 12 Mei

Leo nitasema kwa kirefu, aliyechoka atanisamehe.

Zimebaki siku kumi na moja waitwe mbele ya walimu. Asubuhi waliingiza wale watu wangu ishirini na watatu, mara ya kwanza kwa nakala za kweli. Mimi nilikuwa nakata kitunguu. Nikasikia mjukuu wangu anahesabu kwa sauti. Anahesabu tena. Halafu Kimya anahesabu. Wameingia ishirini na watatu mapokezi, wametokea ishirini na mmoja dirisha la dawa.

Hakuna aliyepotea, wamemezwa. Mzee mmoja fundi saa na mzee mwenye jina kama lake, aliyekuwa dereva wa lori, wamegeuka mtu mmoja. Na mimi na wajina wangu tumegeuka mtu mmoja. Mjukuu wangu alinisomea karatasi ya huyo mwanamke mpya. Ana presha yangu na sukari yake. Ana dawa zangu na dawa zake. Ningepewa ile dawa ya sukari, mimi nisiye na sukari, ningeanguka hapo dirishani. Ni nakala, hakuna aliyepewa kitu, lakini niliweka kisu chini.

Nikauliza mashine imetufananisha kwa nini. Wakasema kwa sababu kila idara ina namba yake, walitunga kanuni: jina likiwa moja, jinsia moja, na tarehe ya kuzaliwa moja, basi huyo ni mtu mmoja. Watu wawili wa jina moja wazaliwe siku moja, mwezi mmoja, mwaka mmoja? Haiwezekani, Bibi, alisema, labda mara moja katika maelfu.

Nikamuuliza sisi tumezaliwa lini. Akatazama. Januari mosi. Nikamwambia mtazame fundi saa. Januari mosi. Dereva. Januari mosi. Akashuka na kidole, na kila anapofika Januari mosi, Januari mosi. Watu kumi na wanne katika ishirini na watatu. Wakatazamana. Kimya akasema polepole kwamba labda data imeharibika.

Nilicheka mpaka nikakaa chini. Watoto hawa wamezaliwa na cheti, wamepimwa uzito, wameandikiwa saa na dakika. Hawajui kwamba sisi wote ni wa Januari mosi. Unafika kwa karani, anakuuliza ulizaliwa lini, unamwambia mama alisema ni mwaka ule daraja lilipochukuliwa na maji, mahindi yalikuwa yamefika kiunoni. Karani hana nafasi ya mahindi. Anakadiria mwaka kwa kukutazama meno, siku anaandika Januari mosi, anaita mwingine. Benchi zima tulizaliwa asubuhi moja.

Halafu cheko likakatika, maana mjukuu wangu alikuwa analia.

Jumanne, tarehe 13 Mei

Kimya kaja mapema na jawabu. Kasema tuwatoe wale wanne. Wabaki kumi na tisa, watapita wote bila mkono wa mtu, sharti limetimia. Mwalimu hakutaja idadi.

Mjukuu wangu akanitazama mimi, maana mmoja wa wanne ni mimi. Na mimi nikasema nitoeni. Nilisema hivyo kwa moyo wote. Mimi nimeshakula chumvi yangu, jina langu likikosekana kwenye kompyuta ya shule halinipunguzii kitu. Sikutaka arudi mikono mitupu.

Akasema, "Bibi, nikikutoa wewe, kazi yangu ni ya nani?"

Basi nikamwambia jambo ambalo sijamwambia mtu. Mwaka wangu wa pili wa utarishi nilipeleka faili chumba cha upasuaji. Namba ilikuwa imefutika kwa maji, nikamuuliza karani, akaniambia jina, nikapeleka la jina hilo. Walikuwa wawili wodini, jina moja. Mwanamke alikuwa ameshalazwa juu ya meza, amevaa lile gauni, ndipo akamuuliza daktari mbona mnanipasua tumbo na mimi nimekuja na mguu. Aliinuka, akaenda zake, hakuna aliyeniadhibu. Lakini mimi sikula siku mbili.

Tangu hapo nikatembea na uzi mwekundu mfukoni. Mafaili mawili yakiwa na jina moja, yote mawili nayafunga uzi. Faili lenye uzi halipiti. Haidhuru daktari apige kelele. Nalipeleka kwanza mpaka kwa mgonjwa mwenyewe, namuuliza, mama yako aliitwa nani? Akijibu, karani anaandika juu ya jalada, nakata uzi, linakwenda. Jina lako wanaweza kuwa nalo mia, lakini mtu na mama yake hafanani na wengine hivihivi. Miaka ishirini na tisa iliyobaki sikukosea tena.

Kimya akafunga kompyuta yake. Nikajua ananiona mpumbavu. Kumbe akaniuliza, "Bibi, uzi ulikuwa unaufunga wapi, juu au pembeni?" Nikamwonyesha. Akaniambia yeye kalelewa na bibi yake, na bibi huyo alikufa hospitalini, na mpaka leo hawajui alipewa dawa ya nani. Amenyamaza tangu siku hiyo, na mimi nilikuwa naita maringo.

Jumatano, tarehe 14 Mei

Wanafunga uzi. Mashine ikikutana na majina yanayofanana na Januari mosi, haiunganishi. Inasimama, inaweka alama nyekundu, inarudisha mapokezi ili mtu aulize jina la mama. Likiandikwa, linakwenda sehemu zote tatu.

Lakini huo ni mkono wa mtu. Mkono wenyewe kabisa uliokatazwa ubaoni.

Ijumaa, tarehe 16 Mei

Wanabonyeza tu. Nimewapikia, nimewaachia mezani.

Jumatano, tarehe 21 Mei

Wajina wangu nimemwambia aje keshokutwa. Akauliza avae nini. Nikamwambia chochote ambacho sina mimi.

Ijumaa, tarehe 23 Mei

Ukumbi wenyewe si mkubwa, viti vya kupanda kama ngazi, na ukutani vioo vitatu vya kompyuta: mapokezi, maabara, dirisha la dawa. Walimu watano. Mimi na wajina wangu tuliwekwa mbele. Bwana Kwanini ni mtu mdogo, mwembamba, ana shati lililofunguka kifungo kimoja. Nilikuwa nimemjenga kichwani kama simba. Alikuja akanishika mkono kwa mikono yote miwili akasema anasoma maneno yangu kila wiki. Nikakumbuka nilivyomwita. Akasema jina alilopewa analipenda.

Mjukuu wangu akaanza. Akabonyeza. Watu wetu wakaanza kupita, mmoja, mmoja, mmoja, ukuta mzima unasogea, na mimi niliyekuwa nimeshayaona nyumbani nilishika kiti. Kumi na tisa. Halafu ukasimama. Majina manne mapokezi, yana mstari mwekundu pembeni, pale pale nilipoonyesha.

Bwana Kwanini akasema sharti lilikuwa bila mkono wa mtu. Kwa nini imesimama?

Mjukuu wangu akasema, "Kwa sababu hapo haijui. Na ikiwa haijui, tumeifundisha iseme haijui."

Kwa nini msiwatoe hao wanne, akauliza. Nilimwona Kimya anainua uso. Kimya, mtu wa maneno mawili kwa siku, akasema mbele ya walimu watano kwamba alitaka kuwatoa, lakini hao wanne ndio waliokuwa wanahitaji kuunganishwa kuliko wote.

Basi ufungueni, akasema mwalimu.

Kwenye ukuta likatokea swali. Mjukuu wangu akaja akachutama mbele yangu, akanisomea. "Bibi, mama yako aliitwa nani?"

Najua alikuwa anasoma mashine ilivyoandika. Lakini mimi mtu hajaniuliza swali hilo tangu nina meno yote. Nimewauliza wengine maelfu, hakuna aliyeniuliza mimi. Mama yangu hakuwa na cheti, hakuwa na kadi, kaburi lake lilichukuliwa na shamba la watu. Hakuna karatasi duniani iliyowahi kumwandika. Nililitamka. Likatoka dogo, nikalitamka tena.

Mjukuu wangu akaliandika, uzi ukakatika, na jina la mama likatokea mapokezi, likatokea maabara, likatokea dirisha la dawa, mara tatu kwa pumzi moja, herufi kubwa kama mkono wangu. Mimi sijui kusoma. Lile nililiona.

Wajina wangu akalitaja la mama yake. Nalo likatokea, na fundi saa na dereva wakajibu kwa simu, nao wakapita. Tukakaa wanawake wawili, na mama wawili ukutani, hatufanani hata kidogo. Akaninong'oneza kwamba sasa anaona jina ni letu sote.

Bwana Kwanini alitazama ukuta muda mrefu. Nilimsubiri aseme kwa nini. Hakusema.

Ijumaa, tarehe 6 Juni

Wamepita. Bwana Kwanini amewakata alama nne, moja kwa kila mzee aliyeguswa na mkono, akasema sharti ni sharti. Chini yake kaandika kwamba mwaka ujao sharti lenyewe atalibadilisha. Mjukuu wangu kanisomea mara mbili.

Nimemwomba kitu kimoja kabla sijazima simu. Nimemwambia aniandikie jina la mama kwenye karatasi, kubwa, nijifunze umbo lake kama nilivyokuwa najifunza mafaili. Herufi ya kwanza ina mkia. Ya pili ni duara, imefungwa. Ya tatu ni kama mtu amebeba kitu mikononi anapeleka mahali.